Tasa ya Euler

Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu tabia za namba. Alipofika kwenye zile ziitwazo namba kamilifu aliitaja iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati wake, 2,305,843,008,139,952,128, kisha akatoa hukumu: hii ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa. Sababu yake haikuwa ya kihisabati hata kidogo. Namba hizi, alieleza, ni za kustaajabia tu, hazina manufaa. Basi nani atajichosha kutafuta nyingine mbele ya hiyo?

Namba hiyo ndefu imejengwa juu ya nyingine iliyo fupi zaidi: 2,147,483,647. Anza na 1, zidisha kwa 2 mara 31, kisha toa 1, nayo ndiyo hiyo. Wasimulizi wa kale wa sataranji wangeieleza kwa punje za ngano. Weka punje moja katika mraba wa kwanza wa ubao, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, ukiongeza maradufu kila hatua. Ukisimama kwenye mraba wa 31, kabla hata ya kumaliza nusu ya ubao, jumla ya punje zote ni 2,147,483,647. Namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na kulijua hilo kwa hakika kulihitaji kazi ya watu wengi waliopokezana kwa takriban miaka elfu mbili. Barlow alikosea kuhusu watafutaji. Kuhusu manufaa alikosea zaidi.

Habari yenyewe inaanzia Aleksandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alipokuwa Euclid. Katika kitabu cha tisa cha mkusanyo wake maarufu, hoja ya mwisho kabisa inahusu namba kamilifu, yaani namba inayolingana na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa kando. 6 ina vigawo 1, 2 na 3, na vikijumlishwa vinarudisha 6. 28 ina 1, 2, 4, 7 na 14; jumla yake ni 28. Euclid alithibitisha namna ya kuzitengeneza. Jumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila mara maradufu. Jumla ikitokea kuwa tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoijumlisha, na umepata namba kamilifu. 1 + 2 + 4 ni 7, tasa. 7 × 4 ni 28. Ukiongeza 8 unapata 15, ambayo si tasa, kwa hiyo unapita. Ukiongeza 16 unapata 31, tasa. 31 × 16 ni 496. Mbele kidogo iko 127, nayo inazaa 8,128.

Tangu hapo kutafuta namba kamilifu kukawa ni kutafuta tasa za aina moja maalumu: zile zinazopungua kwa 1 tu kufikia kipeo fulani cha 2.

Wagiriki waliishia hizo nne. Nicomachus wa Gerasa, karne kadhaa baada ya Euclid, aliziangalia akadhani ameona mpangilio: moja kwa kila idadi ya tarakimu, na tarakimu za mwisho zikipokezana 6 na 8. Yote mawili ni uongo. Ya tano ni 33,550,336, yenye tarakimu nane, na ya sita, 8,589,869,056, inaishia na 6 kama ya tano. Lakini neno la Nicomachus lilirudiwa vitabuni kwa zaidi ya miaka elfu, kwa kuwa kulirudia ni rahisi kuliko kupiga hesabu.

Waliopiga hesabu walikuwa wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu. Katika karne ya 13 Ismail ibn Fallus aliorodhesha namba kumi alizoziona kuwa kamilifu, na saba za kwanza zilikuwa sahihi, mpaka 137,438,691,328. Hili ni jambo kubwa ambalo halisemwi vya kutosha: orodha ile haikuwafikia wanazuoni wa Ulaya, wakaja kuzigundua namba hizo upya karne tatu baadaye, na majina yanayotajwa sana ni ya hao waliokuja nyuma. Ya nane ndiyo inayotokana na 2,147,483,647, na ni kuanzia hapo orodha ya Ibn Fallus ilipopotoka.

Ugumu uko wapi? Ili 2 kwa kipeo fulani, ukitoa 1, iwe tasa, ni lazima kipeo chenyewe kiwe tasa. Sharti hilo ni la lazima lakini halitoshi. 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89, kama alivyoonyesha Hudalricus Regius mwaka 1536. Kwa hiyo kila kipeo lazima kichunguzwe peke yake, na namba zinakua haraka kuliko mikono ya mtu.

Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, alifanya uchunguzi huo kwa subira ya ajabu. Alitengeneza jedwali la tasa zote mpaka 750, akagawa moja baada ya nyingine, na mwaka 1588 akawa amethibitisha kwamba 2¹⁷ − 1, yaani 131,071, na 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, ni tasa. Jedwali lilimtosha kwa sababu ukitafuta kigawo cha namba huhitaji kuvuka kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha 524,287 ni 724 na kidogo. Kisha akaenda mbali kuliko jedwali lake. Alitangaza kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinazaa tasa. Kwa 31 angehitaji kujaribu tasa zote mpaka 46,340, nazo ni karibu 4,800. Hakuzijaribu. Katika madai manne, moja tu lilikuwa kweli, na lilikuwa la 31.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefanya hisabati katika saa zake za mapumziko, ndiye aliyegeuza kazi hii kutoka kugawa bila mwisho kuwa kazi ya hoja. Mwaka 1640 aligundua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hizi si namba yoyote tu. Kama kipeo ni 23, kila kigawo lazima kizidi kwa 1 kizidishe cha 46. Cha kwanza kabisa katika orodha hiyo ni 47, na 47 kweli inaigawa 2²³ − 1. Kwa 37 vigawo lazima vizidi kwa 1 kizidishe cha 74. Fermat alifika 223 tu, dai la Cataldi likaanguka. Lile la 29 liliangushwa na Leonhard Euler mwaka 1738, kwa kigawo 233. Dai la 31 likabaki limesimama, lakini bila ushahidi.

Barua za Fermat zilikwenda Paris kwa Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Minimi, ambaye chumba chake kilikuwa kama posta ya sayansi ya Ulaya nzima: Descartes na Fermat na wengine wengi waliandikiana kupitia kwake. Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo, mpaka 257, ambavyo alidai vinazaa tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakueleza alivyoipata. Wakati wake hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuipima, naye alikiri kwamba umri wote wa dunia usingetosha kuamua kama namba yenye tarakimu 15 au 20 ni tasa. Ilibainika baadaye kwamba 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na kwamba 61, 89 na 107 ziliachwa. Hata hivyo namba hizi zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, tasa za Mersenne, na mimi sioni dhuluma hapo. Orodha ile yenye makosa iliwapa watu kazi ya miaka 300.

Sasa tufike Saint Petersburg, mwaka 1772. Euler, mzaliwa wa Basel, ana umri wa miaka 65. Jicho la kulia lilipoteza nuru zamani, katika miaka yake ya thelathini. La kushoto lilipata mtoto wa jicho, likafanyiwa upasuaji mwaka 1771, likaonekana kupona kwa muda mfupi kisha likaharibika. Mwaka huohuo wa 1771 moto uliunguza nyumba yake, akatolewa nje na fundi mmoja mwenyeji wa Basel kama yeye. Katika hali hiyo ya giza aliendelea kutunga kwa kuwatamkia wasaidizi na wanawe, nao wakaandika, na kazi zake zikaongezeka badala ya kupungua. Hesabu alizifanya kichwani.

Alikuwa na kisa cha zamani na namba za jamii hii. Fermat, aliyekuwa sahihi mara nyingi, aliwahi kuamini kwamba 2³² + 1 ni tasa. Euler, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 × 6,700,417. Alijua basi kwamba imani ya mtu mkubwa haithibitishi kitu.

Katika barua aliyompelekea Bernoulli, mmoja wa ukoo ule wa wanahisabati wa Basel, iliyochapishwa na Chuo cha Sayansi cha Berlin, Euler alieleza kwamba 2³¹ − 1 ni tasa, na akataja sababu kwa maneno machache mno. Inafaa kuifungua sababu hiyo, kwa sababu uzuri wote umo humo.

Tuseme kuna tasa, tuiite q, inayoigawa 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q hubakiza 1. Fermat alikuwa ameshaonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo hubakiza 1 kila mara. Zikilinganishwa hizo mbili, na kwa kuwa 31 ni tasa, hapana njia nyingine: lazima 31 iigawe q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa. Basi hata 62 inaigawa. Hii ni kanuni ya Fermat ya 1640, na peke yake imeshafukuza sehemu kubwa ya wanaoshukiwa.

Euler aliongeza chekecho la pili. Kama 2³¹ hubakiza 1, basi 2³² hubakiza 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kuna tasa ambazo hakuna mraba wowote unaoweza kubakiza 2 ukigawanywa kwazo, na zile zinazoruhusu hilo hutambulikana kwa alama moja: zenyewe zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Unganisha masharti haya mawili. Kigawo chochote cha 2³¹ − 1 lazima kizidi kizidishe cha 248 kwa 1 au kwa 63. Hakuna umbo la tatu.

Sasa hesabu. Mpaka 46,340 namba za maumbo hayo mawili ni 373 tu, baada ya kuiacha 1 yenyewe. Nyingi kati yake si tasa, na zinaanguka kwa kuzitazama. 63 ni 7 × 9. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, hii itunze. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 ni 3 × 269, 993 ni 3 × 331, 1,055 inaishia na 5, 1,241 ni 17 × 73. Kisha 1,303, tasa. Katika namba kumi na moja za mwanzo zimebaki mbili za kujaribiwa. Ukiendelea hivyo mpaka mwisho, mlima wa Cataldi wa migawanyo karibu 4,800 unakuwa migawanyo isiyofika mia. Gawa 2,147,483,647 kwa 311: unapata 6,905,092 na baki 35. Si kigawo. Gawa kwa 1,303. Si kigawo. Zote zikajaribiwa, na hakuna hata moja iliyogawa bila baki.

Kwa hiyo namba ni tasa, na ya nane katika namba kamilifu ikawa na msingi. Hakuna mtu kabla ya hapo aliyethibitisha utasa wa namba kubwa kiasi hicho, na ilishika nafasi ya tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi karne ya 19 ilipovuka nusu. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1849, muda mrefu baada ya kifo chake, ilionekana pia kwamba Euler alikamilisha kazi ya Euclid kwa upande wa pili: kila namba kamilifu iliyo shufwa lazima itokane na kanuni ya Euclid. Kama kuna iliyo witiri, hakuna ajuaye hadi leo.

Hukumu ya Barlow ilidumu miaka 65. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Hakutafuta vigawo, hapana umri wa mtu ambao ungetosha. Alibuni jaribio jipya, ambalo Mmarekani D. H. Lehmer alilinyoosha katika miaka ya 1930. Linaeleweka hata kwa mtoto wa shule. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawa kwa namba unayoichunguza na ubaki na baki tu. Rudia. Idadi ya marudio ni kipeo ukitoa 2, na kama baki la mwisho ni 0, namba ni tasa. Chukua 31, ambayo ni 2⁵ − 1, kwa marudio matatu: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, ambayo kwa 31 hubakiza 8, 8 inazaa 62, ambayo kwa 31 hubakiza 0. Kwa namba yetu ni marudio 29. Kompyuta yoyote huyamaliza kabla mtu hajapepesa jicho, na jibu lake linakubaliana na la mzee kipofu wa Saint Petersburg.

Wengine wakafuata. Ivan Pervushin, kasisi wa Urusi, alithibitisha 2⁶¹ − 1 mwaka 1883. Frank Nelson Cole mwaka 1903, mbele ya wanahisabati wenzake huko New York, alionyesha ubaoni kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Lakini namba yetu ilikuwa imeshaacha uwanja wa mashindano. Ilikuwa inasubiri mashine.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia ya kompyuta iliyoitwa System/360, ambazo neno lao la kawaida lilikuwa la biti 32. Biti ni nafasi ya 0 au 1. Ukitenga biti moja ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31, na zote zikijaa 1, thamani yake ni jumla ile ile ya punje za sataranji: 2,147,483,647. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo. Ukiongeza 1, mashine haipandi. Inadondoka hadi 2,147,483,648 hasi. Mpangilio wa biti 32 ukaenea, na kwa miongo kadhaa ulikuwa ndio ukubwa wa kawaida wa namba nzima katika programu nyingi duniani.

Hapa utasa wa namba hauna kazi yoyote. Mipaka ya mashine ilitokana na wingi wa biti, na kama 2³¹ − 1 ingekuwa na vigawo kumi mpaka ungekuwa pale pale. Lakini kuna mahali ambapo utasa na mashine vilikutana, na hapo ndipo ninapoona jibu kamili kwa Barlow.

Wanasayansi wanaoiga mambo kwa kompyuta, kama mwendo wa chembe ndani ya kinu cha nyuklia au foleni ya wateja benki, wanahitaji namba zinazoonekana kama za bahati nasibu, kwa mamilioni. Lehmer yule yule alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1940 njia rahisi: chukua namba, izidishe kwa kizidishi kilichochaguliwa, gawa kwa namba maalumu, baki ndiyo namba yako ya pili; endelea. Swali ni ugawe kwa nini.

IBM ilisambaza programu iliyoitwa RANDU, ambayo iligawa kwa 2³¹ yenyewe na kuzidisha kwa 65,539. Kugawa kwa kipeo cha 2 ni rahisi kwa mashine: unatupa biti za juu tu. Matokeo yalikuwa mabaya kabisa. Kila namba iliyotoka ilikuwa witiri, bila kukosa, kwa sababu biti ya mwisho haikubadilika kamwe. Tena, kwa ubaya wa kizidishi kile, ukizipanga namba zake tatu tatu kama nukta katika nafasi, zote huangukia kwenye bapa 15 tu. George Marsaglia alionyesha mwaka 1968 kwamba namba za njia hii kwa jumla huangukia kwenye bapa, na RANDU ikawa mfano mbaya kuliko yote. Tafiti nyingi zilikuwa zimeshaitumia.

Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller, wakiandikia System/360, walishuka hatua moja: badala ya 2³¹ waligawa kwa 2³¹ − 1, na kizidishi wakakifanya 16,807, yaani 7⁵. Kushuka huko kwa 1 kulibadilisha kila kitu. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, baki haliwezi kuwa 0 kamwe, na kwa kizidishi kilichochaguliwa vizuri mlolongo hupita katika kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla haujarudi ulikoanzia. Kujua kama kizidishi ni kizuri kunahitaji kuijua 2,147,483,646 kwa vigawo vyake, ambavyo ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Ukianza na 1, inafuata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Baada ya hatua 10,000 unafika 1,043,618,065, na hiyo ndiyo namba ambayo waandishi wa programu hutumia kuhakiki kwamba hawajakosea. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hii mwaka 1988 kuwa kipimo cha chini ambacho hakuna programu ya namba nasibu ingepaswa kuwa mbaya kuliko hicho. Mwaka 2011 iliingizwa katika lugha rasmi ya C++. Leo haitoshi kwa majaribio makubwa, maana hatua bilioni mbili huisha kwa sekunde chache, na haifai kabisa kwa siri za benki. Lakini kwa miaka mingi ilibeba mzigo, na iliweza kuubeba kwa sababu moja: haina kigawo. Jambo hilo ndilo Euler alilolithibitisha.

Mpaka wa mashine nao umeleta visa vyake. Desemba 2014 video ya wimbo Gangnam Style wa mwimbaji wa Korea Kusini, Psy, iliufikia mpaka huo wa watazamaji katika YouTube, na kampuni ikatangaza kwamba imeipanua kaunta yake kuwa ya biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru ndege za Boeing 787 zizimwe umeme na kuwashwa upya kila baada ya muda, kwa sababu ilibainika kwamba zikiachwa na umeme kwa siku 248 mfululizo kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta hufurika, na umeme wote unaweza kuzimika kwa pamoja. Ukihesabu mia za sekunde mpaka 2,147,483,647, unapata siku 248 na nusu. (248 hii na ile ya Euler hazina undugu, ni sadfa.)

Kisa kikubwa zaidi bado kiko mbele. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za ulimwengu. Iliyoziweka sekunde hizo katika biti 32 itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Sekunde inayofuata mashine kama hizo zitadhani ni Desemba 1901. Kompyuta na simu za sasa nyingi zimeshahamia biti 64, lakini vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo hudumu miaka mingi bila kuguswa, na hivyo ndivyo vyenye kazi kuvitafuta.

Wanahisabati, kwa upande wao, wameendelea kuiuliza namba maswali. 31 yenyewe ni tasa ya Mersenne, 2⁵ − 1. Kwa hiyo 2,147,483,647 ni tasa ya Mersenne iliyotokana na tasa ya Mersenne, na nyingine za namna hiyo zinazojulikana ni tatu tu: 7, 127 na 2¹²⁷ − 1 ya Lucas. Ni kawaida basi kuuliza kama mlolongo unapanda ngazi moja zaidi: je, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, ukitoa 1, ni tasa? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Tasa kubwa kuliko zote iliyotangazwa, ya Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320, kwa hiyo jaribio la Lucas liko mbali na uwezo wa mashine kwa ukubwa huo. Lakini kanuni ya Fermat ya 1640 haijali ukubwa. Inasema kila kigawo lazima kizidi kwa 1 kizidishe cha mara mbili ya kipeo, na watafutaji wakafuata njia hiyo hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1980 kigawo kilipatikana: 295,257,526,626,031, ambacho ni 137,490 × 2,147,483,647, ukiongeza 1.